Uduvi Aliyeitwa Ofelia

Profesa Fulgencio Dzib alimpa mkewe zawadi ambayo hakuna mwanamke mwingine wa mji wetu wa Chetumal aliyewahi kupewa: uduvi. Alimnasa mwaka 1994 katika ziwa la chumvi la pwani, akamchora chini ya hadubini, akaona hafanani na yeyote aliyekwisha kuandikwa, akampa jina la mkewe, Ofelia. Mchoro wake ulitundikwa sebuleni kwao, juu ya televisheni.

Mimi nilikuwa fundi wake wa maabara. Tulipoanza kuorodhesha wanyama wa ziwa kwa vinasaba, kazi yangu ilikuwa kukata kijiguu cha kila mmoja, kusoma kipande kifupi cha vinasaba vyake na kukilinganisha na vilivyohifadhiwa. Kila aina ina kipande chake, kama ile mistari myeusi kwenye pakiti za dukani. Uduvi wa Ofelia akasomeka sawasawa na uduvi mwingine wa kawaida, anayejulikana tangu zamani. Nilirudia mara tatu. Wote tuliowaita Ofelia walikuwa madume. Wale wengine, majike: kumbe aina ilikuwa moja.

Nikamdanganya Profesa kwamba mashine imeharibika. Wiki nzima, kila asubuhi, aliniuliza kwa upole kama imeshatengenezwa. Ijumaa nikashindwa kuendelea. Nikamwekea karatasi ya majibu mezani, nikabaki nimesimama.

Aliisoma kwa muda mrefu. Akauliza kama nimerudia, nikasema nimerudia. Akavua miwani, akafuta vioo ambavyo havikuwa na vumbi.

"Aracely, mashine ilikuwa nzima, siyo?"

"Ilikuwa nzima, Profesa. Nilikuonea huruma."

"Kosa la macho ni langu. Hili la huruma ni lako, binti yangu. Usilirudie."

Jioni aliniomba nimsindikize nyumbani, maana hakuweza kumkabili mkewe peke yake. Doña Ofelia alikuwa jikoni akikaanga panucho, vimkate vya mahindi vyenye maharage ndani. Alisikiliza, mwiko mkononi, huku mumewe akieleza kwa kuzungukazunguka.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi ni dume," alisema, "na wewe umelala kitanda kimoja nami hujagundua?"

Profesa alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Doña Ofelia akakivuta kichwa cha mumewe, akakiegemeza tumboni mwake, akanionyesha kwa kidevu nizigeuze panucho zisiungue.

Jumatatu Profesa aliandika mwenyewe masahihisho kwa jarida lililokuwa limemtangaza uduvi wake, akatanguliza jina langu. Nilikataa. Akasema aliyeona ndiye anayetangulia, na akanikatiza hapo hapo. Jina la Ofelia likafutwa kwenye orodha ya ziwa.

Lakini katika kazi ile ile kulikuwa na wanyama kumi na mmoja ambao vinasaba vyao havikulingana na vya yeyote aliyekwisha kuandikwa. Alichukua siku kadhaa kabla ya kuwataja. Halafu asubuhi moja akavuta kiti karibu na changu, akaniomba nimletee chupa zao, na safari hii mchoro akaniachia mimi.