Mama Mkwe Apelekwa Kukandwa

Armini aliipanga safari ile kama mtu anayemtegea kuku, na kama wategaji wengi, alisahau kwamba kuku naye ana macho.

Alikuwa anataka kitu kimoja tu: chumba cha mbele. Pale nyumbani kwao kulikuwa na chumba kinachotazama barabara, ambamo mama mkwe wake, Mama Renten, alihifadhi vikapu, mikeka iliyochakaa na baiskeli ya marehemu mumewe. Armini alitaka kuweka humo kitanda cha masaji na kufungua kazi yake mwenyewe. Alikwisha kuomba mara mbili. Mara ya kwanza Mama Renten alijibu kwamba mvua inakuja. Mara ya pili akajibu kwamba nguruwe hajala. Yule mama alikuwa na kipaji cha kutosikia, na kipaji chenyewe kilimpanda hasa pale alipoombwa kitu.

Armini alikuwa amejiapiza kwamba akikataliwa tena, ataondoka. Kulikuwa na watu Uturuki waliokuwa wakitafuta wakandaji kutoka kisiwani kwao Bali, mkataba wa miaka miwili, na pasipoti yake ilikuwa tayari, imefichwa chini ya nguo sandukuni. Aliyejua habari hiyo ni mumewe tu, Gede, mpishi katika meli ya watalii. Gede alisema kwenye simu, "Nyie elewaneni tu, mimi niko pamoja nanyi." Ndivyo wasemavyo waume walioko mbali.

Sasa, kabla ya kuolewa Armini alikuwa mkandaji katika Hoteli ya Bukit Taru, kule juu ya korongo la mto. Kila msimu wa mvua, vyumba vikiwa vitupu, hoteli huwaalika waliokuwa wafanyakazi wake walale usiku mmoja bure, kila mtu na mwenzake. Armini akawaza: mama huyu alale kitandani mara moja, apakwe mafuta, akandwe mpaka alegee, ataona kwamba hii ni kazi ya maana. Akishalegea, nitamwomba.

Mama Renten alikubali upesi mno. Hilo lingemtia mtu mwingine wasiwasi, lakini Armini alikuwa na furaha, na mwenye furaha haulizi maswali.

Walifika kabla ya adhuhuri. Mama Renten alivaa blauzi yake ya lesi ya sherehe na kitambaa kipya kiunoni, kana kwamba anakwenda hekaluni. Hoteli ilikuwa ya zamani, mapaa ya nyasi na kuta zilizoota kuvu. Aliyeijenga ni mchoraji mmoja wa kigeni aliyekuja kwa wiki moja akasahau kurudi kwao. Ukumbi wa mapokezi ulipopanuliwa, Mama Renten alikuwa msichana, akabeba mawe kichwani kutoka mtoni pamoja na wanawake wenzake. Hakuona sababu ya kulificha jambo hilo.

"Hilo jiwe unalokanyaga," alimwambia kijana wa mapokezi, "huenda nimelipandisha mimi."

"Karibu sana, Bibi. Nikuletee maji ya tangawizi?"

"Mmechelewa miaka hamsini. Lakini lete."

Matata yalianzia chumbani. Palikuwa na kitanda kikubwa cha mbao za msaji, kimeelekezwa dirishani ili mgeni akifumbua macho auone mlima. Mama Renten alisimama mlangoni akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa tusi.

"Armini, hapa kichwa kinakaa wapi?"

"Huku, Mama, penye mito."

"Na miguu?"

Armini akageuka kutazama dirishani. Miguu ingeelekea mlimani, waliko miungu na wazee waliotangulia, na kichwa kingeelekea baharini, kunakotupwa uchafu. Alikuwa amefanya kazi hapa miaka mitano, lakini hakuwahi kulala kwenye chumba cha wageni, wala hakukumbuka kwamba Mzungu hulala popote penye mandhari.

"Usiku mmoja tu, Mama. Tutalala tumejikunja."

"Mimi nimlalie baba mkwe wako na nyayo usoni? Nitalala sakafuni. Wewe lala huko, uwapige mateke mababu wa watu."

"Basi tukigeuze."

"Nani, mimi na wewe? Na mikono yako hiyo ya kupaka mafuta?"

Walikigeuza. Walisukuma, wakavuta, wakapumzika, wakalaumiana. Mguu mmoja wa kitanda ulinasa kwenye zulia, Mama Renten akauinua kwa goti huku akitoa maagizo kama msimamizi wa ujenzi. Kilipokwama katikati ya chumba, hakiendi wala hakirudi, Armini alikaa juu yake akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama mkwe wake, ambaye kwa miaka sita alikuwa akicheka na majirani tu, akakaa kando yake akacheka pia. Mhudumu alibisha hodi kuuliza kama kuna tatizo.

"Tatizo lilikuwepo," alisema Mama Renten. "Tunaliondoa. Shika huko."

Kwa hiyo walikwenda kwenye spa wakiwa wametoka jasho na roho zao nyeupe. Banda la masaji lilikuwa limesimama ukingoni mwa korongo, halina ukuta upande wa mto, na mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Widari, aliyekuwa mwenzake Armini zamani, alipiga magoti na beseni la maji ya maua ili amwoshe Mama Renten miguu. Mama Renten akaivuta miguu yake.

"Hapana, binti. Wewe umesoma, una wazazi, halafu unishike miguu? Sikujui, hunijui."

"Ndiyo kazi yangu, Bibi."

"Najua ni kazi yako. Asante. Lakini kama lazima nishikwe, basi anishike huyu wangu. Nimemlisha miaka sita, na alipe leo."

Widari alimkonyeza Armini, akaweka chupa ya mafuta mezani, akaondoka. Mtego wa Armini ukawa umeharibika, maana yeye alitaka kuomba, si kufanya kazi. Akakunja mikono ya blauzi yake.

Hakuwahi kumgusa mama huyu, ukiacha kumsaidia kushuka kwenye pikipiki. Aliosha ile miguu, mipana, migumu kisiginoni, kidole kimoja kimepinda. Akamlaza kifudifudi kwenye kitanda cha masaji, akampaka mafuta mgongoni. Shingo ilikuwa ngumu kama kamba iliyolowa, na alipoikanda, taratibu, kwa vidole gumba, Mama Renten alitoa pumzi ndefu ambayo yaelekea ilikuwa ikisubiri tangu mumewe afariki.

"Unaondoka lini?" aliuliza, uso umeinama kitandani.

Mikono ya Armini ikasimama.

"Kwenda wapi, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Mke wa mpiga picha hana kifuniko mdomoni. Aliniambia ulikwenda kupigwa picha ya pasipoti. Uliposema twende hotelini nikajua ndiyo kwaheri yenyewe. Nikavaa nguo nzuri nije niagwe. Haya, niage, nimekaa tayari tangu asubuhi."

Armini aliona aibu, kisha akaona huruma. Akaamua kusema kweli, maana hila zilikwisha kumshinda.

"Sikukuleta kukuaga. Nimekuleta nikuombe chumba cha mbele. Nilidhani ukikandwa utakubali. Ila ukikataa tena, Mama, ni kweli, nitakwenda."

Mvua ilizidi kidogo, mto ukasikika chini.

"Chumba cha mbele tu?"

"Hicho tu."

Mama Renten alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikunyima ili usiende. Niliogopa ukishika hela zako utatafuta maisha makubwa huko mjini. Mwanangu yuko baharini, mume wangu hayupo. Nikasema asipokuwa na kitu, atabaki. Mjinga mimi. Nilikuwa nakufukuza kwa mikono yangu mwenyewe."

"Ungeniambia tu, Mama."

"Kuambiana ni kazi ngumu. Ndiyo maana nilikuwa naongea na nguruwe." Akajifuta pua kwenye taulo. "Kichukue. Tukirudi kesho tunakisafisha. Ukihitaji cha nyuma pia, sema, mimi nalala popote."

Armini akarudisha mikono yake kwenye ile shingo ngumu. Mama Renten, bila kuinua kichwa, akapeleka mkono nyuma, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono mmoja wa mkwe wake uliojaa mafuta. Akaushika, asiuachie. Armini akaendelea kukanda kwa mkono uliobaki.