Leso za Harusi ya Chiriku

Mimi ni fundi cherehani, na kazi ya kulipua siiwezi. Nimewashonea wanawake wenye maneno mengi kuliko vitambaa walivyoniletea, na hakuna aliyewahi kurudisha gauni. Kwa hiyo binti yangu aliponijia na pakiti za leso za karatasi, zile za kufutia midomo, akasema, "Mama, za harusi tuzichape wenyewe hapa nyumbani, majina yetu katikati na ua pembeni," nikaona kazi imefika kwa mwenyewe.

Huyu binti tunamwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu hanyamazi. Ndiye mtoto wangu wa pekee. Ilikuwa wiki yake ya mwisho nyumbani. Akishaolewa angeondoka na mumewe moja kwa moja mpaka huko anakofanya kazi, mbali, kusikofikika bila ndege. Hayo nilikuwa nayajua. Mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Kazi yenyewe ni hivi. Leso unaifungua, unaipitishia pasi ya moto mdogo iondoke mikunjo, unaibandika kwa selotepu juu ya karatasi ngumu, ndipo printa inakubali kuimeza. Printa Chiriku aliiazima kazini kwao. Leso ikitoka na majina yake, sasa ndiyo shughuli, kubandua selotepu. Ile karatasi ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Mmoja anaikandamiza, mwingine anavuta polepole. Ukivuta peke yako inakufuata mkononi, na bwana harusi anabaki na nusu ya jina.

Mchana wa kwanza tulikaa sote wawili kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Yeye anashika, mimi navuta. Akaanza: mama, unakumbuka ile sketi ya shule uliyonishonea ikanifika visiginoni, ukasema nitakua? Unakumbuka nilivyojikwaa nayo mbele ya mwalimu? Na kila akifungua mdomo, pumzi yake inainua ukingo wa leso. Moja ikachanika. Akacheka. Ya pili ikachanika, akacheka zaidi, akaniegemea begani.

"Kucheka kunashona nini?" nikamuuliza.

"Mama, si leso tu hizi."

"Leso tu? Wakwe zako wafutie midomo jina lililokwenda upande, halafu waseme na mama yake eti ni fundi? Unanipumulia karatasi, Chiriku. Kama ni kuongea, kaongelee uani."

Akaiachia leso. Kisha akatoka.

Mdogo wangu, anayeuza viatu sokoni na mdomo wake hauna breki, alipopita alimkuta uani anaanua nguo ambazo hazijakauka. Akaja kunisimamia mlangoni.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, dada. Mwite mtoto."

"Changu kinavunja," nikamjibu.

Na kweli kilivunja. Nilichukua ile pasi yangu ya zamani ya mkaa, nzito, ambayo siku hizi inazuia mlango tu. Nikaifunga kitambaa safi chini, nikaitua kwenye pembe ya leso, nikavuta selotepu. Ikabanduka bila kuacha hata uzi. Pasi ilikandamiza vizuri kuliko mtu, haina stori, haicheki, haipumui. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu chumbani.

Chiriku aliendelea kuja kila mchana. Nikusaidie nini, mama? Kapumzike, bibi harusi hatakiwi kuwa na wino vidoleni. Basi nikukunjie. Utaharibu mkunjo. Siku ya mwisho alisimama tu na kikombe cha chai, akiitazama ile pasi ilivyokaa upande wake wa meza. Nikamwambia aangalie asimwage.

Harusini leso zilisifiwa mpaka basi. Wanawake walizitia kwenye mikoba na midomo wakaifuta kwa mikono. Mkwe wake Chiriku alisema hata dukani hajaona kitu kama kile. Kichwa kikanivimba. Nilipita meza kwa meza nikinyoosha zilizokaa vibaya, badala ya kukaa nimwangalie mwanangu.

Alipokuwa chumbani kwake anavaa nguo za safari, niliingia kumfungia zipu. Mabegi yalishatoka.

"Leso zako umeziona, lakini?"

"Nimeziona, mama. Nzuri sana." Alikuwa amenipa mgongo. "Dukani walikuwa wanachapa, unajua. Yule dada wa dukani akaniambia hizi za nyumbani zinasumbua, lazima muwe wawili, mtakaa meza moja wiki nzima. Ndiyo maana nikachukua hizi."

Nikaiachia zipu katikati.

"Si ungeniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje? Nilikuwa nakupumulia karatasi."

Hakulisema kwa hasira. Nje gari likapiga honi. Nikapandisha zipu mpaka juu, akanikumbatia, akaenda.

Ninajuta, na sioni haya kusema. Nilimwambia mdogo wangu, akasema, "Majuto ni mjukuu, dada, na wewe mjukuu mwenyewe hata hujampata." Nikacheka, kisha nikalia, na yeye akavuta kiti akakaa nami.

Jana, chini ya vitambaa, nilikuta pakiti ya leso iliyobaki. Nikatandaza moja mezani. Pasi nikairudisha mlangoni. Nikampigia Chiriku, simu nikaiweka pale leso ilipo, sauti juu.

"Ongea, mwanangu. Nimekaa tu, sina kazi."

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Ongea tu. Ile sketi ya shule, ulijikwaa ikawaje?"

Akacheka kidogo. Nyuma yake nilisikia mlango na sauti za watu nisiowajua.

"Sketi gani tena, mama? Ngoja, kuna wageni wameingia. Nikupigie baadaye?"

"Pokea wageni, mwanangu."

Simu ikakatika. Niliendelea kukaa. Leso ilikuwa imelala mbele yangu, na ukingo wake haukutikisika.