Mgeni wa Mwanangu

Ubao wenyewe uko pembeni ya geti kubwa la hospitali, mrefu kuliko mtu, herufi za bluu juu ya rangi nyeupe. Juu kabisa wameandika KARIBU, na chini yake MAELEZO KWA WAGONJWA NA WAGENI. Baada ya hapo ukaribu unaishia. Usikae juu ya kitanda cha mgonjwa. Usilete watoto. Usiingie nje ya saa za kuona wagonjwa. Mgonjwa mmoja, kadi moja. Niliusoma wote, mpaka namba ya simu ya fundi aliyeuchora, kwa sababu asubuhi ile sikuwa na pengine pa kusimama, na maziwa yalikuwa yameshapenya blauzi.

Mwanangu alikuwa ghorofa ya pili, wodi ya watoto. Ana miezi mitatu. Nyumbani tunamwita Bonge, maana alizaliwa na mashavu ya mtu mzima aliyetoka kula. Nimonia ilikuwa imeyala mashavu hayo, na siku mbili nzima alikuwa hataki ziwa. Ananusa, anageuza uso, analala. Daktari aliponiona nalia akaniambia taratibu kwamba wangemwekea mpira wa kulishia puani, si adhabu, ni msaada tu. Lakini alfajiri ile Bonge akashika ziwa. Akavuta kidogo, akapumzika, akavuta tena. Nikamwita sista aje aone, na sista akamwita daktari.

"Akirudia kunyonya hivyo kabla sijamaliza kupita wodini, mpira tunauacha," daktari akasema. "Asiporudia, tunauweka. Hatuwezi kumsubiri zaidi."

Kwa hiyo kazi yangu ya siku ilikuwa moja tu: Bonge akiamka, anikute.

Asubuhi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kutuona katika ile saa ya wageni. Bado tunasalimiana, sista akatokea. Plasta ya kushikilia dripu imelegea mkononi kwa mtoto, na stoo plasta zimekwisha. Nikimbie duka la dawa hapo nje ya geti ninunue. Ningemtuma wifi, lakini ngazi na magoti yake haviongei vizuri, na Bonge ndiyo kwanza alikuwa amelala. Nikavua kadi ya shingoni, nikamvisha wifi. Ndiyo utaratibu. Kengele ikilia wanapita wodini kuwatoa wote wasio na kadi, na mtoto haruhusiwi kubaki peke yake. Nikatoka. Nikanunua plasta. Nikarudi, na kengele ilikuwa imeshalia.

"Kadi," mlinzi akasema. Wanamwita Kamanda, sijui nani alianza.

"Iko juu na wifi yangu. Amekaa na mtoto."

"Basi mtoto ana mtu."

"Mimi ndiye mama yake. Nimetumwa plasta, hii hapa."

"Sijakataa. Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi ni mgeni. Wageni wanaingia tena saa sita, mama."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionipandisha damu. Angenifokea ningejua la kufanya. Miezi tisa mtu amekaa tumboni mwangu, kila teke lake nalijua, leo naambiwa mimi ni mgeni wake. Hata mgeni hupewa kiti.

"Kaka yangu, mtoto ananyonya. Huyo aliyekaa naye ni wifi yangu. Hana maziwa."

"Naelewa, dada."

"Ukielewa si unifungulie?"

"Naelewa. Ila nikikufungulia wewe, hawa wengine nitawaambia nini?"

Hawa wengine walikuwa mzee mmoja tu aliyeegemea ukuta na chupa ya chai. Akacheka kwa puani. "Binti, usipoteze mate. Huyo kijana mimi namweleza tangu mke wangu alazwe. Anaelewa vitu vyote. Kinachomshinda ni kufungua tu."

Simu ikaita. Wifi.

"Wewe wifi, plasta unaifuma? Mtoto ameamka."

"Analia?"

"Analia nini, anatafuta. Amenyonya kola ya gauni langu mpaka imelowa. Nimejaribu kumpa maziwa kwa kijiko, sista akanigombeza, atapaliwa. Uko wapi?"

"Nimezuiwa getini. Sina kadi."

"Amekuzuia nani? Mpe simu."

Nikamnyooshea Kamanda simu. Akatikisa kichwa. "Sipokei simu kazini."

Wifi hajawahi kuongea kwa sauti ya chini toka azaliwe. "Nimemsikia," akasema, na Kamanda naye akamsikia. "Mwambie sauti hiyo aliyonayo inaonyesha alinyonyeshwa mpaka akaanza shule. Na mama yake hakuombwa kadi."

Mzee wa chai akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Kamanda akarekebisha kofia.

"Wifi, huwezi kuniletea hiyo kadi?" nikauliza.

"Nikishuka, mtoto nimwachie nani? Sista yuko peke yake, watoto wamejaa wodi. Nikiivua tu, watanitoa kama kuku. Nikurushie dirishani?"

"Madirisha yana wavu."

"Basi fanya hima. Daktari nimemsikia, ameanzia kule mlangoni."

Nikaenda dirisha la maelezo, liko ukutani upande wa nje. Ndani ameketi dada mmoja, nadhifu, kucha zimepakwa vizuri.

"Samahani dada. Mama anayenyonyesha hawezi kupata kadi ya pili?"

"Anapata."

Nilitaka kumbusu kupitia kioo. "Wapi?"

"Ofisi ya matroni, ghorofa ya kwanza."

"Nafikaje huko?"

"Unapita getini."

"Getini wanataka kadi."

"Ndiyo, lazima uwe na kadi."

Akasubiri swali lingine. Nikabaki namtazama kucha. Nilitaka kumuuliza kama yeye mwenyewe, akitoka kwenda chooni, huwa anaruhusiwa kurudi. Sikuuliza, nikijua nikishaanza nitasema mengi, na Bonge juu hana muda wa mengi.

Sasa nilikuwa na hasira ile isiyo na kelele. Walionituma plasta ni hospitali. Walionifungia nje ni hospitali. Na hakuna hata mmoja kati yao mwenye roho mbaya. Kila mmoja alikuwa mpole, alikuwa anaelewa, na mwanangu alikuwa na njaa. Matiti yalikuwa yanagonga kama yana moyo wa peke yake. Nikayakumbatia kwa mikono miwili, na hapo ndipo swali la Kamanda liliponirudia kichwani. Wewe ni mgonjwa?

Nikazunguka jengo. Upande wa pili kuna mlango wa wagonjwa wa nje. Uko wazi kuanzia asubuhi, hauna geti wala Kamanda. Nikapanga foleni ya muuguzi anayewapokea watu na kuwagawa kwenye vyumba. Mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Matiti."

"Yamefanyaje?"

"Yamejaa. Yanauma, yamekuwa magumu."

Akavuta pazia, akanipapasa, akasonya. "Haya yatageuka jipu. Mtoto yuko wapi?"

"Amelazwa hapo juu. Wodi ya watoto."

"Sasa kwa nini hanyonyi?"

"Kwa sababu mimi ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wake."

Akavaa miwani ili anione vizuri. Nikamweleza: plasta, kadi, geti, dirisha. Nikamweleza na habari ya mpira. Sikulia. Sikutaka kuonewa huruma siku ile. Nilitaka kuingia.

Hakusema naelewa. Alivuta karatasi, akauliza jina langu, akaandika, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia.

"Soma."

Nikasoma. Matiti yamejaa. Tiba: mtoto anyonye sasa hivi, na kila anapotaka, mchana na usiku.

"Sasa wewe ni mgonjwa," akasema. "Na dawa yako iko ghorofa ya pili. Mtu akikuzuia mwambie anamnyima mgonjwa dawa, na muhuri huu ni wangu, aje aniulize mimi. Hiyo ndiyo dawa pekee ninayoandika humu na stoo hawaniambii imekwisha. Nenda."

Kwenye ukumbi wa kuelekea wodini kulikuwa na mlinzi mwingine, kijana. Akaisoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena.

"Mtu mzima wodi ya watoto?"

"Ndiko dawa yangu ilikolazwa."

Aliona blauzi yangu ilivyolowa, akaona haya, akasogea. Ngazi sikumbuki nilizipandaje.

Daktari alikuwa ameshafika kwa Bonge. Sista ameshika sinia, mpira umekunjwa juu yake, mwembamba kama uzi wa viatu. Kati ya sinia na kitanda alikuwa wifi, na magoti yake mabovu, mikono kiunoni.

"Mtanipita mimi kwanza ndiyo mumguse," alikuwa anasema. "Mama yake yuko njiani."

"Mama, tumeshasubiri," daktari akasema.

"Huyo hapo."

Nikaweka plasta kwenye sinia, nikanawa mikono, nikakaa, nikampakata. Alikuwa amelia mpaka amechoka, macho nusu. Nikamwekea ziwa, akageuza uso. Nikamwekea tena, akageuza. Nikakamua tone likamwangukia mdomoni. Akaliramba. Akafikiri. Kisha akashika.

"Ulikuwa wapi, mama?" daktari akauliza. "Nilikueleza alfajiri umuhimu wake. Mama akikosekana, sisi tufanyeje?"

Bonge akaachia, akakohoa, akashika tena. Nikasubiri mpaka amevuta mara kadhaa ndipo nikajibu, kwa sababu kila neno langu lilikuwa linamtikisa.

"Nilikuwa getini kwenu, daktari. Wodi yako ilinituma plasta, geti lenu likanikataa. Nimeomba kila dirisha. Mpaka nimejiandikisha ugonjwa ndiyo nimeingia. Usiniulize nilikuwa wapi. Waulize wao waliniweka wapi."

Sista akatazama sinia. Tukamsikia Bonge anameza, gluku, gluku, kama mtu mwenye madai yake.

"Ondoa mpira," daktari akamwambia sista. Kisha akaniambia, polepole, "Nitazungumza na matroni."

"Nitazungumza naye mimi, mtoto akilala," nikasema. "Utanisindikiza tu."

Akaitikia kwa kichwa. Wifi akakaa chini, akaanza kujipepea kwa kadi.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mdogo kuliko mimi, mtoto wake kifuani. Sista alimwinamia kidogo akamwambia dawa ya kikohozi imekwisha stoo, aende duka la nje. Yule mama akasimama, akaanza kujivua kadi amvishe dada yake, aliyekwepa kengele kwa kujificha chooni.

"Usitoke," nikamwambia. "Kadi yako ibaki shingoni. Mtume dada."

"Lakini dada yangu akitoka hatarudi."

"Dawa ataipitisha getini, sista ataifuata mwenyewe."

Sista akanitazama. Nami nikamtazama. Kisha akamgeukia yule dada, akamwambia akishanunua amwite pale getini, atashuka.

Yule mama akakaa tena.