Mshipa Uliodunda Tumboni mwa Clavery

Uvumi ulimfikia Restuta ukiwa umeshazunguka kwa wengine wote. Kuanzia kijijini kwao Bweranyange mpaka mjini Omurushaka walikuwa wakisema mwanawe Clavery ana moyo wa pili tumboni, na kwamba hakuzaliwa nao, amewekewa. Jirani yake Prudensia, aliyemletea habari hizo, alisema yeye haamini, ila lisemwalo lipo. Akaongeza kuwa kuna mtu wa namna hiyo alipasuliwa huko mjini, madaktari wakakuta mioyo miwili, wakakosea wa kukata. Tangu siku hiyo Restuta akawa anapalilia migomba na neno hilo, anapika na neno hilo.

Kilichoupa uvumi nguvu ni kwamba kitu chenyewe kilikuwepo. Clavery, mwanamume wa miaka thelathini na sita, alianza na homa za jioni, jasho la kulowesha shuka na mgongo uliouma mpaka akawa anatembea kama babu yake. Zahanati walimpa dawa za malaria, kisha za taifodi. Homa ikaondoka, ikarudi. Akakonda, na alipokonda ndipo kikaonekana, juu kidogo ya kitovu: uvimbe kama limau, unadunda. Ukiweka kiganja, kinainuliwa.

Restuta alifanya ambacho mama yeyote wa Bweranyange angefanya. Alimpeleka kwa Bibi Mukandekezi, mkandaji wa matumbo, akakandwa kwa samli mara mbili. Mara ya tatu bibi aliweka mkono, akauondoa upesi.

"Mimi nakanda chango na mimba zilizokaa vibaya," alisema. "Hiki kimekua tangu juzi. Sikikandi."

Restuta akauliza kama basi ampeleke kwa yule mganga wa Isingiro, huko Kyerwa, anayetoa vitu watu walivyowekewa.

"Mpeleke, akirudi kwenye jeneza usinilaumu. Kinachopiga pamoja na moyo kimeshikana na moyo. Panda basi, mwanangu."

Mke wa Clavery, Joyness, alikuwa na kichanga cha wiki tatu, kwa hiyo aliyepanda basi na mgonjwa ni mama mtu. Hospitali ya kwanza walipiga picha ya tumbo, wakaandika barua ya rufaa. Siku ya tatu wakawa katika hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa, mbele ya daktari wa kupasua mishipa, mwanamama mfupi aitwaye Evangelina.

Daktari hakuanza na uvimbe, alianza na ng'ombe. Wangapi? Watatu. Maziwa mnachemsha? Restuta akajibu kwa fahari kwamba kwao maziwa hayachemshwi. Mama mkwe alimfundisha wiki ya kwanza ya ndoa: maziwa yakiguswa na moto, chuchu za ng'ombe hukauka. Clavery alikunywa yakiwa na povu lake, tangu utoto. Kuna ng'ombe aliyetupa mimba? Wawili, mwaka jana. Nani alimvuta ndama? Clavery, kwa mikono mitupu, tena akiwa na jeraha la panga kidoleni.

Daktari akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba viliingia kwenye damu, vikakaa kwenye ukuta wa mshipa mkuu, ule unaotoa damu moyoni na kushuka nayo mpaka tumboni, madaktari wanauita aota. Vimeula ukuta mpaka umetuna. Dawa zitaua vijidudu, lakini haziwezi kujenga ukuta ulioliwa. Lazima kipande kilichooza kikatwe, na mahali pake pashonwe mshipa mwingine, watakaoutoa pajani mwake mwenyewe. Mshipa wa bandia wa kiwandani nao upo, ila vijidudu vingeweza kuushambulia tena. Hakuficha kwamba wapo wanaofia kwenye meza ya upasuaji.

"Na nisipopasuliwa?" Clavery aliuliza.

"Mshipa utapasuka wenyewe. Hapo hatutawahi."

Restuta akashindwa kujizuia. Aliuliza, macho chini, kama ni kweli mtu anaweza kuwa na mioyo miwili.

"Moyo ni mmoja, mama. Huo unaodunda ni mshipa, na umekaribia mwisho."

Clavery akacheka kidogo. "Wakikuta miwili, mmoja nampelekea Joyness. Amelalamika siku nyingi kwamba sina." Kisha akaacha kucheka. "Mama, ukisema turudi nyumbani, sitasaini fomu ya upasuaji."

Restuta akatoka kwenye korido, akampigia simu Prudensia. Hakumsalimia. Alimuuliza yule mtu aliyekatwa moyo aliitwa nani, wa kijiji gani. Prudensia hakujua, aliambiwa na mnunuzi wa kahawa, naye alisikia kwenye basi. Je, huyo mnunuzi alimwona maiti? Prudensia akasema hayo hakuuliza. Restuta akakata simu, akarudi ndani.

"Saini," akamwambia mwanawe.

Walimwingiza chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi, wakamtoa saa kumi jioni. Daktari alimweleza Restuta kwamba ukuta wa mshipa ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na usaha umeuzunguka. Akauliza kama tumbo liliwahi kukandwa. Restuta alifikiria kukana, kisha akasema: mara mbili. Daktari akasema ya tatu ingetosha kuupasua.

Clavery alilazwa wiki sita. Mguu uliotolewa mshipa huvimba akisimama sana, na dawa bado anameza. Ng'ombe wote watatu walipimwa, wawili wakaondolewa. Yule mmoja maziwa yake yanachemshwa kila siku, na hajakauka. Majirani wa Bweranyange wanakuja kusalimia, na wakishakunywa chai wanauliza lile lile la moyo wa pili. Restuta, aliyeishia darasa la saba, hana nguvu ya kusimulia upya kila mara. Ameandika kwenye karatasi ya daftari, anawapa wasome:

Usinywe maziwa mabichi, wala mtindi wa maziwa ambayo hayakuchemka.

Usimvute ndama kwa mikono mitupu, hasa ukiwa na kidonda.

Usiwape mbwa ndama mfu wala kondo la nyuma. Choma au fukia chini sana.

Usirudie dawa ya malaria bila kupimwa damu.

Usikande uvimbe unaodunda, wala usimruhusu mtu aukande.

Usikae na homa inayorudi zaidi ya wiki mbili bila kumwambia daktari kwamba unafuga ng'ombe.

Usiache vidonge kwa sababu umeanza kula vizuri.