Hamira ya Shemeji

Mwoka mikate alimwambia shemeji yake, kaka wa mkewe, abaki garini. "Naingia na kutoka," alisema. Uongo mtupu. Aliingia kwenye duka la vifaa vya kutengenezea bia nyumbani, akaduwaa mbele ya rafu ya hamira, yeye aliyeshika hamira tangu hajaota ndevu.

"Nipe ile inayoumua haraka kuliko zote."

Muuzaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alicheka. "Hiyo akili ya mkate, kaka. Bia ukiikimbiza inanuka gundi. Ndiyo mara ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Chumba chako kina joto?"

"Tanuri liko nyuma ya ukuta. Hata mende wanalalamika."

Mama akamwekea kipakiti mezani: hamira inayovumilia joto, isiyo na makuu, ambayo ikimaliza kazi hutulia chini ya ndoo na kuiacha bia safi. Kwa anayeanza, haina mpinzani. Mwoka mikate hata hakukitazama. Jicho lake lilikuwa kwenye hamira ya bia nyepesi, aipendayo shemeji, ambayo hutaka baridi kwa wiki kadhaa.

"Nipe hii. Nitaiweka kwenye friji ya soda."

"Na soda?"

"Nitauza za moto."

"Utafukuza wateja! Kwani bia yenyewe ya nani?"

Jambo hili lilikuwa limemkaa kooni tangu atoke hospitali.

"Ya shemeji yangu. Nilipolazwa, aliacha teksi yake kila asubuhi akaja kuwasha tanuri langu. Kuoka hajui, anaunguza tu. Wateja wanamsema, anacheka nao, kesho anarudi. Nimetoka nimekuta duka liko wazi na wanangu wako shule. Sijamwambia asante mpaka leo, mama. Nikifungua mdomo ananitania, nami namtania, basi, imepita hiyo. Nikaona bora bia inisemee."

Muuzaji alikuwa anatazama nyuma ya mteja wake. Mlangoni alisimama shemeji, funguo mkononi.

"Nimeegesha vibaya, wananifukuza," alisema. Kisha akajikohoza. "Dada, mpe hiyo ya joto. Soda ya moto nani anywe? Huyu ataniletea kesi."

Utani huo ulikuwa mlango wa kutokea, na siku nyingine mwoka mikate angeupita mbio. Leo alikataa. Alimshika shemeji yake mkono, akamtazama usoni.

"Asante, shemeji. Uliniokolea nyumba yangu."

Mwoka mikate alipokuwa analipa, shemeji alikichukua kile kipakiti cha hamira ya joto, akakitia mfuko wa shati, na akakishikilia hapo kwa kiganja mpaka wakafika garini.