Kijitabu cha Uchovu

Kila Jumamosi saa nne asubuhi simu ya Mama Pacha ililia, na kila ilipolia, mumewe, fundi wa majokofu, alipandwa na wivu mpaka chai ikamshinda kunywa.

"Jana asubuhi nne. Mchana sita. Jioni, kumi," mkewe alisema kwa sauti laini, halafu akacheka. Alicheka!

Aliyepiga alikuwa kijana wa kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama Pacha alikuwa na sklerosisi, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kliniki ilitaka kujua uchovu wake unapanda lini na unashuka lini. Walimpa kijitabu. Kila baada ya saa tatu aandike namba ya uchovu, sifuri mpaka kumi, kumi ikiwa hoi kabisa, na kando yake aandike alikuwa anafanya nini. Fundi alimbatiza kijana yule Bwana Uchovu.

"Huyo Bwana Uchovu wako hana wagonjwa wengine?"

"Anao, Baba Pacha. Ila waume zao hawategi masikio mlangoni."

Kilichomchoma Fundi si kicheko peke yake. Yeye alirudi kutoka kazini kila jioni na kuuliza, "Umeshindaje, mke wangu?" Akamkuta amesimama jikoni, nywele zimechanwa, anakoroga sufuria. "Salama tu. Nimechoka kidogo." Kidogo! Mume halali anapewa kidogo, mwanamume wa kwenye simu anapewa namba kamili. Yeye anayepima gesi ya majokofu ya mtaa mzima, ya mkewe hayajui! Haki iko wapi hapo?

Jumamosi hiyo, mkewe alipoingia kuoga, Fundi alivuta droo ya cherehani akakitoa kijitabu. Aliapa kwamba akikuta neno moja tu la mapenzi, patachimbika.

Alianza na Jumatatu. Saa tatu asubuhi, nne: nashona kola. Saa sita, sita: nimefua soksi. Saa tisa, tano: nimelala. Saa kumi na mbili jioni, kumi: mume anarudi, nimesimama.

Akafunua Jumanne. Saa kumi na mbili, kumi: mume anarudi, nimesimama, nimemchekesha.

Jumatano, kumi: mume anarudi, nimekaribia kuanguka, nimeshika meza, hakuona.

Alhamisi Fundi alikuwa amekwenda kufunga majokofu mji wa pili, akalala huko. Saa kumi na mbili, tatu: mume harudi leo.

Fundi aliisoma ile tatu mara mbili. Jamani, kumbe yule kijana alikuwa anapata ukweli kwa sababu hakuna aliyelazimika kujikaza mbele yake. Wivu wake haukuisha. Ulizidi, ila sasa hakuwa na wa kumpiga.

Mlango wa bafuni ulifunguka. Mkewe alitoka anajishikiza ukutani, maji ya moto yamemmaliza nguvu. Alipomwona mumewe tu, akauachia ukuta, akanyoosha mgongo, akatabasamu.

"Vipi, mume wangu, unataka chai nyingine?"

"Namba," alisema Fundi. "Nipe na mimi namba."

Mama Pacha alikiona kijitabu mkononi mwake. Tabasamu likamtoka usoni. Akajiachia akakaa sakafuni pale pale, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile akalia mbele ya mumewe.