Sketi Nyeusi

Mama Mkubwa aliileta sketi kabla mtoto hajaanza kukaa. Aliishona mwenyewe, pana, nyeusi tii, na ndani akaitilia bitana nene ya kunyonya. Katika ukoo ule kila mwanamke aliyezaa alipewa sketi ya namna hiyo, na hakuna aliyesema ni ya nini. Akishaivaa, alikaa kwenye kiti cha mbao, alicheka kwa kubana midomo, na akienda ugenini aliulizia choo kabla hata hajamaliza salamu. Hayo wao waliyaita heshima.

Binti wa mdogo wake, mwalimu wa michezo aliyejifungua karibuni, aliipokea kwa mikono miwili maana alilelewa, lakini moyoni aliidharau sketi na fundi wake. Kazi yake ilikuwa kuruka. Alifundisha mpira wa wavu katika shule ya wasichana, na wiki ileile aliyorudi kazini aliruka mara moja tu kuwaonyesha namna ya kupiga mpira, mkojo ukamchuruzika mapajani. Wasichana waliona. Mkuu wa shule, bwana mwenye huruma za juujuu, alimwita akamwambia kwamba hali ikiendelea hivyo mpaka mwisho wa muhula, atamhamishia maktaba akapumzike. Alijiona anatenda wema, mjinga yule.

Basi mwalimu akaenda hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama asiye na mzaha, alimpima, akamwambia misuli inayoshikilia kibofu imelegea kwa uzazi, na kwamba misuli hiyo hufundishika. Akamwelekeza aibane kama mtu anayezuia hewa mbele ya wakwe, aishikilie, aiachie, apumue, na arudie kila siku bila kutegemea miujiza. Mwalimu aliona haya. Miaka nenda rudi amewahubiria wasichana kuhusu mazoezi, kumbe udhaifu wake mwenyewe alikuwa karibu kuufunika kwa kitambaa.

Alibana na kuachia akisahihisha madaftari, akinyonyesha, akiwa kwenye foleni ya benki. Muhula ukikaribia kuisha aliruka mbele ya darasa zima, akapiga mpira, akatua mkavu. Akaruka tena, kwa kiburi tu. Habari za maktaba zikafia hapohapo.

Jumapili iliyofuata aliirudisha sketi kwa Mama Mkubwa. Aliwakuta wote, mama yake na mama zake wadogo, wamejipanga kwenye viti vya mbao kama kunguru walionyeshewa, na makochi mazuri yako wazi yanawasubiri wanaume. Aliiweka mezani, akawaeleza kila kitu bila kupaka mafuta.

"Bibi yako aliivaa, mimi nimeivaa, mama yako kaivaa," alisema Mama Mkubwa. "Wewe nani?"

"Mimi nimekwenda kutibiwa, Mama Mkubwa. Basi."

Mama Mkubwa akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Ati anakwenda hospitali kufundishwa kubana!" Akaangua kicheko, kicheko cha mdomo wazi ambacho hakuna mtu aliyewahi kumsikia nacho. Dharau ilimnogea mpaka akajisahau. Katikati kicheko kikakatika ghafla, na chini ya kiti kukaanza kudondoka.

Wale wengine wakatazama dari, kama walivyozoea. Mmoja akaanzisha habari za mvua.

"Dada," alisema mama yake mwalimu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpinga mkubwa wake, "umelowa."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa katika chumba kile. Mwalimu alikuwa amejiandaa kufurahi siku Mama Mkubwa akiumbuka, na kweli alifurahi. Kisha akamwangalia mama yake, akakumbuka kwamba katika maisha yake yote hajawahi kumwona akikimbia, hata mvua ikiwakuta njiani. Furaha ikamtoka.

"Huyo mtaalamu wako," mama yake akamuuliza, "anapokea na wazee?"

"Anapokea, Mama. Nitakupeleka."

Mama yake akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaichukua ile sketi mpya mezani, akapiga magoti, akaanza kupangusa sakafu chini ya kiti cha dada yake. Ilinyonya vizuri sana. Mama Mkubwa, kwa kushona, alikuwa fundi kweli.